Frank Hornby: Karani aliyetuachia treni zinazokubali kufunguliwa

Ukiacha chuo, kuna kitu utapewa bure hata kama hukukiomba: majina. Utaambiwa Bill Gates aliacha chuo. Utaambiwa Steve Jobs naye aliacha. Shangazi atakutajia jirani wa kule nyumbani aliyekomea kidato cha pili na leo ana matatu mbili barabarani. Mimi niliacha nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa kupatikana, na kwa miezi kadhaa nilitembea na majina hayo kichwani kama hirizi. Hayakunilipia hata nauli.

Kwa hivyo leo sikuletei jina la aina hiyo. Nakuletea la mzee mmoja wa Liverpool, Uingereza, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, na ambaye kwa miaka 28 iliyofuata alibaki mtu wa kuajiriwa. Hakuwa tajiri, hakuwa maarufu, hakuwa mtu ambaye shangazi angekutajia. Alikuwa karani wa hesabu. Jina lake ni Frank Hornby.

Kama hulijui jina hilo, hakuna shida. Lakini jaribu kulitaja mbele ya watu wanaokusanya treni za kuchezea za zamani, uone macho yao yatakavyowaka. Hadi leo kuna watu wazima, wenye familia na kodi ya nyumba ya kulipa, wanaokesha wakisaka gurudumu moja au sumaku moja ya kichwa cha treni kilichotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Na cha ajabu ni kwamba mara nyingi wanaipata. Kiwanda kilifungwa zamani. Mwenyewe alikufa 1936. Spea bado zipo. Inawezekanaje? Shikilia hilo swali, tutalirudia.

Tuanze mwanzo basi.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 katika mtaa wa Copperas Hill, Liverpool. Mtaa huo uko kando tu ya stesheni kubwa ya Lime Street, kwa hivyo si vigumu kuwaza kijana aliyekua akisikia filimbi za treni kama wewe unavyosikia honi za matatu. Baba yake, John, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Shule haikumkaa Frank hata kidogo. Alikuwa mtoro, yule wa kuaga asubuhi nyumbani kisha darasani haonekani. Alipofikisha miaka 16 akaachana nayo, akaingia kwenye biashara ya babake kushika pesa na vitabu vya hesabu.

Usikimbilie kushangilia. Hapa ndipo yale majina ya shangazi hutudanganya, kwa sababu hadithi huruka moja kwa moja kutoka kwa lango la shule hadi kwa gari la kifahari. Kwa Hornby hakuna kuruka. Kuna miaka tu. Kalamu, daftari, hesabu za siku, lala, amka, rudia. Mwaka wa 1887 alimwoa Clara Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule. Wakapata watoto. Mwaka wa 1899 baba yake akafariki na biashara ya familia ikafungwa. Hornby, baba wa watoto akiwa tayari ameshapita miaka 35, akajikuta anatafuta kazi. Akaipata kwa David Elliott, mwagizaji wa nyama pale pale Liverpool. Kazi yenyewe? Kuweka hesabu tena.

Ila jioni zilikuwa zake. Tangu utotoni alipenda kuunda vitu. Alisoma kitabu cha Samuel Smiles kuhusu watu waliojiinua kwa juhudi zao wenyewe, kikamwingia. Alijaribu hata kuunda mashine ya kujiendesha milele bila kupewa nguvu yoyote, kitu ambacho fizikia inakataa katakata. Bila shaka hakufaulu. Hakuwa na masomo ya uhandisi. Alichokuwa nacho ni vifaa vichache vya mkono na wavulana wawili nyumbani, Roland na Douglas, waliotaka vitu vya kucheza.

Basi akawakatia mabati. Akawaundia madaraja, malori na kreni. Lakini kila kitu alichounda kilikuwa na vipande vyake peke yake. Kipande cha daraja hakikuingia kwa kreni. Cha kreni hakikuingia kwa lori. Watoto wakichoka na kreni, kazi yote ile inakuwa chuma chakavu.

Jinsi alivyosimulia mwenyewe baadaye, jibu lilimjia akiwa safarini ndani ya treni, akiwaza kreni aliyotaka kuwaundia wanawe. Vipi kama vipande vyote vingekuwa na kipimo kimoja? Akakata vipande vyembamba vya chuma vyenye upana wa nusu inchi, akavitoboa mashimo, kila shimo likiwa nusu inchi kutoka kwa lenzake. Basi. Uvumbuzi wote ni huo.

Najua unaona ni kitu kidogo. Lakini ebu kifikirie vizuri. Shimo lile lile linapitisha bolti ya kuunganisha vipande viwili, na shimo lile lile linashika ekseli ili gurudumu lizunguke. Kipande kilichokuwa mkono wa kreni asubuhi kinageuka ubavu wa behewa jioni. Ukikosea, unafungua nati, unaanza upya. Hakuna kinachotupwa.

Januari 1901 alitaka kupata hataza, ile haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wake. Doo haikuwepo. Ilibidi amkope bosi wake, Elliott, pauni 5. Baada ya hapo akazunguka akitafuta kampuni ya kumtengenezea bidhaa. Hazikuvutiwa, kwa sababu sampuli aliyobeba ilikuwa imemalizwa vibaya. Aliyemshika mkono ni Elliott tena: alimpa nafasi iliyokuwa wazi jirani na ofisi yao, wakawa washirika. Nakuomba ulikumbuke hilo jina la Elliott. Kila hadithi ya mtu aliyejitengeneza mwenyewe ina Elliott mahali fulani, na mara nyingi huwa anafutwa.

Mwaka wa 1902 seti za kwanza ziliingia sokoni kwa jina la Mechanics Made Easy. Ndani mlikuwa na aina 16 za vipande na karatasi ya maelezo ya kuunda vitu 12. Mwaka wa 1903 ziliuzwa seti 1,500. Faida? Sufuri. Faida ya kwanza, tena ndogo, ilionekana 1906. Yaani hataza 1901, faida 1906, na katikati hapo Hornby anaamka kila asubuhi kwenda kuhesabu nyama ya watu.

Mwaka wa 1907 waliokuwa wakimuuzia vipande walishindwa kutosheleza wateja. Hapo ndipo aliacha kazi, akiwa na miaka 44, akakodi karakana katika barabara ya Duke Street ili atengeneze vipande mwenyewe. Septemba mwaka huo akasajili jina jipya: Meccano. Tarehe 30 Mei 1908 kampuni ya Meccano ikaundwa. Elliott, yule wa pauni 5, aliamua kutoingia. Miaka sita baadaye kampuni ilikuwa imehamia kiwanda kipya cha Binns Road, na seti zake zilikuwa zimefika nchi nyingi.

Sasa kuna jambo ambalo mtu aliyewahi kutafuta spea atalielewa haraka kuliko profesa. Kila kipande cha Meccano kilikuwa na namba. Ukanda wenye urefu wa inchi 2 na nusu ulikuwa namba 5. Nati ilikuwa 37a, bolti 37b. Ukipoteza nati hukuhitaji kununua seti nyingine. Ulitaja namba, ukauziwa nati. Na bolti zenyewe zilitumia kipimo kilichojulikana Uingereza nzima, uzi wa Whitworth wa inchi 5/32. Hornby alifungua mlango ambao angeweza kuufunga, na hakuufunga.

Hakuwa malaika, tusidanganyane. Jarida la Meccano alilolianzisha 1916 na matangazo yake yalizungumza na wavulana, kana kwamba wasichana hawana mikono ya kushika bisibisi. Yeye mwenyewe alikuwa amemwoa mwalimu! Dada yangu, kama unasoma hapa ukiwa na bisibisi mfukoni, ujue hilo lilikuwa kosa lake, si lako.

Treni sasa. Kabla ya Vita vya Kwanza, vitu vya kuchezea vya Ujerumani vilijaa Uingereza, na Hornby mwenyewe aliagiza mota za springi kutoka kampuni ya Märklin. Vita vikaukata huo mpini. Vilipoisha, mwaka wa 1920, Hornby akatoa treni zake mwenyewe. Alikuwa na miaka 57, umri ambao wazee wengi wanahesabu siku za kustaafu.

Zile treni za kwanza ziliendeshwa kwa springi. Unaingiza ufunguo, unakaza kama saa ya kizamani, unaachilia. Zilipita kwenye reli zenye upana wa milimita 32. Lakini kilichozitofautisha ni namna zilivyoshikanishwa: kwa nati na bolti za Meccano. Mtoto angeweza kukifungua kichwa cha treni chote, aone springi ilipo na gia zinavyoshikana, kisha akirudishe. Kipande kikivunjika, kinabadilishwa hicho peke yake.

Mwaka wa 1925 likaja la umeme. Hapa kampuni iliteleza kidogo, maana treni hiyo ya kwanza ilitumia umeme wa nyumba, ule mkali. Hebu fikiria mtoto sakafuni na reli zenye umeme wa ukutani. Wasiwasi wa usalama ukawarudisha mezani: wakaja na mota za volti 4, kisha 6, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 mfumo wa volti 20 uliotulia. Baadhi ya vichwa vya treni viliuzwa kwa namna zote mbili, umbo lile lile likiwa na moyo wa springi au moyo wa umeme. Ndiyo maana hadi leo kuna fundi anayeweza kuchukua kichwa kilichokufa springi, akafungua skrubu chache, akakiwekea mota.

Mwaka wa 1931 Hornby alichaguliwa mbunge wa Everton, akakaa bungeni hadi 1935. Tarehe 21 Septemba 1936 alifariki akiwa na miaka 73. Moyo ulikuwa umemsumbua kwa muda, na kisukari kilikuwa kimeongeza mzigo. Alikufa milionea. Yule mtoro.

Kwa hadithi za kawaida ningemaliza hapo. Lakini swali letu bado linatungoja.

Miaka miwili baada ya kifo chake, kampuni ilitoa treni ndogo zaidi zilizoitwa Hornby Dublo, za kupita kwenye reli za milimita 16.5, kwa umeme wa volti 12. Hizi ndizo nyingi zinazofufuliwa leo, na ukimtazama fundi akizifufua utajifunza mambo.

Kwanza, sumaku. Mota ya zamani ina sumaku ya kudumu, na sumaku hiyo huchoka kwa miaka. Ishara yake ni ya kuchekesha: mota inazunguka kasi lakini haina nguvu ya kuvuta, inakula umeme mwingi na kuwa moto. Mtu asiyejua atasema mota imeungua, aitupe. Anayejua ataifanya sumaku ipate nguvu tena kwa kifaa maalum, au aweke vipande vidogo vya sumaku za kisasa za neodimiamu. Na anajua kutochomoa sehemu inayozunguka bila kuziba nafasi yake kwa kipande cha chuma, kwa sababu kufanya hivyo kunaidhoofisha sumaku zaidi.

Pili, magurudumu. Dublo za mwanzo zilitumia reli tatu: ya katikati inaleta umeme, mbili za kando zinaurudisha. Kwa hivyo magurudumu yalikuwa chuma tupu, kushoto na kulia yakigusana kupitia ekseli. Reli za leo ni mbili, moja inaleta umeme, nyingine inarudisha. Ukiweka kichwa cha zamani juu yake, ekseli inaunganisha pande zote mbili na unapata shoti papo hapo. Dawa yake ni kutafuta magurudumu yaliyokingwa, yasiyopitisha umeme hadi kwenye ekseli, kuondoa kiguso cha reli ya katikati, na kupanga upya njia ya umeme kuingia kwa mota. Kampuni yenyewe ilianza kuuza za reli mbili 1959, kwa hivyo kichwa kibovu cha miaka hiyo huwa hazina ya spea kwa ndugu yake mkubwa.

Tatu, ugonjwa usio na dawa. Katika miaka ya 1930 baadhi ya magurudumu na sehemu nyingine zilimiminwa kwa zinki iliyochanganyika na uchafu kama madini ya risasi. Baada ya miaka, chuma hicho huvimba, hupasuka, na kuwa unga mkononi. Hapo hutengenezi, unabadilisha. Lakini unaweza kubadilisha kwa sababu gurudumu linatoka! Halikugundishwa. Karakana ndogo zinatengeneza mapya kwa kipimo cha yale ya kale.

Kampuni ilianguka, mtu wangu. Mwaka wa 1964 Meccano ilinunuliwa na Lines Bros, washindani wake. Novemba 1979 kiwanda cha Binns Road kikafungwa. Mashine zilizima, milango ikafungwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani. Na treni zikaendelea kutembea.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Spea zipo kwa sababu Hornby alichagua kipimo, akakitangaza, akakishikilia. Nati inayofaa leo ndiyo iliyofaa enzi zake. Hukuhitaji ruhusa yake kufungua, na hukuhitaji awe hai ili urekebishe.

Sasa nikurudishe kwangu kidogo, kisha nikuachie siku yako.

Tangu niache chuo, mchana huwa nakaa kwenye kibanda cha rafiki yangu anayetengeneza simu. Wiki iliyopita alikuja kijana na simu ambayo ubaya wake ulikuwa betri tu. Betri! Lakini imegundishwa ndani kwa gundi, kioo kinavunjika ukikifungua, na bei ya spea inakaribia bei ya simu. Yule kijana aliitazama tu, akaondoka nayo mfukoni kama mtu aliyebeba maiti ya kuku. Nilimwaza Hornby hapo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita karani mmoja alijua kwamba kitu kizuri ni kile mtoto anaweza kukifungua na kukirudisha.

Chini ya meza ya rafiki yangu kuna mikebe ya skrubu, waya na spika zilizotolewa kwenye simu zilizokufa. Nilikuwa nikimcheka kwamba anafuga takataka. Jumamosi nilikaa chini nikaanza kuzipanga: urefu, upana, aina ya kichwa, zimetoka kwa simu gani. Nimechukua kalamu nikaandika namba kwa kila mkebe. Tumefika mkebe wa 9.

Sijui kama hiyo ni biashara, na sikuambii uache shule. Aliye na karo asome. Lakini kama nawe umekwama kama mimi, usiulize Hornby aliacha shule akiwa na miaka mingapi. Uliza alifanya nini jioni, baada ya kazi, kwa ile miaka ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama. Kisha angalia chini ya meza yako.